Besi la Maalim

Mwaka huu nimetimiza umri wa miaka 47, na katika umri huo miaka 23 nimeishi na chombo kirefu kuliko mimi, kizito kuliko mzigo wowote nipendao kubeba, na chenye haya kuliko vyombo vyote vya taarabu. Chombo hicho ni besi la kusimama. Wengine huliita dabobesi. Fidla hulia, watu wakageuka. Udi huguswa, watu wakanyamaza. Kanuni hunyunyiza sauti zake mithili ya mvua ya rasharasha juu ya mabati, na kila mtu husema naam, leo pana taarabu. Besi halisifiwi na mtu. Likipigwa vizuri hakuna alitambuaye, na likinyamaza kila mtu huuliza kulikoni, mbona nyumba imekosa sakafu?

Kazi yangu ya mchana ni kusomesha Kiswahili katika chuo kikuu. Niliandika tasnifu juu ya vina na mizani, nikatunukiwa udaktari ambao mama yangu mpaka leo huona tabu kuueleza kwa majirani, kwani wakishasikia neno daktari humletea watoto wao wenye homa. Kazi yangu ya usiku ni besi. Haya nitakayoyasimulia ni ya usiku, lakini yaliniingilia katika mchana wangu vile vile, na msomaji ataniwia radhi ikiwa kabla ya kufika kwenye lugha nitampitisha katika mambo ya waya na umeme.

Mwalimu wangu wa besi sitamtaja jina. Nilimwita Maalim, na hapa pia nitamwita hivyo. Maalim hakuanza na besi. Alianza katika kidumbak, ngoma ya harusini ya Unguja, ambako sauti nene hutolewa na sanduku. Nasema sanduku kwa maana yake halisi: kasha la mbao lililoletea chai hugeuzwa kifudifudi, uzi ukafungwa kutoka kwenye kasha hadi kwenye ncha ya fimbo, mpigaji akivuta fimbo uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza sauti hushuka. Hapana alama yoyote ya kuonyesha sauti ilipo. Mkono hukisia, sikio husahihisha, na vyote viwili hutimiza kazi hiyo kabla mchezaji hajainua mguu. Maalim alikuwa akisema kwamba aliyepiga sanduku miaka mitano hawezi kupotea tena katika chombo chochote, kwa sababu alikwisha kupotea kote.

Toka hapo alipanda daraja akaingia katika taarabu ya kuketi vitini. Taarabu ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, ilikuwa ya vyombo vichache. Baadaye, filamu na santuri za Misri zilipoenea pwani, vikundi vya Unguja vilipanuka vikawa na safu ya fidla, akordioni, selo na besi, kwa mfano wa zile bendi kubwa zilizoketi nyuma ya Umm Kulthum. Maalim alikuwa mtoto wa zama hizo. Besi lake alilipata kwa mkono wa pili, au wa tatu, na mgongoni lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na kipande cha mkanda wa ngozi. Mwaka 2011 bega lake lilianza kumsumbua. Aliniita nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri, akanionyesha besi lililosimama pembeni, akasema, "Lichukue, mwanangu. Sharti langu ni moja tu. Usilitoboe."

Nilimwahidi. Wakati huo sikujua kwa nini mtu atake kulitoboa.

Nilijua upesi. Kumbi za harusi zilikuwa zimekwisha kubadilika. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilileta vinanda vya umeme, magitaa na spika kubwa kama makabati, na hata sisi tulioshikilia mtindo wa zamani tulilazimika kupaza sauti, kwa sababu wageni walikwisha zoea kuzungumza kwa kupigiana kelele. Fidla iliwekewa maikrofoni, ikapona. Besi si rahisi hivyo. Uzi wake mnene kabisa, E, hutetemeka mara 41 na kitu kwa sekunde moja; A hutetemeka mara 55, D mara 73, na G mara 98. Sauti ya chini namna hiyo hutaka hewa nyingi isukumwe ili ifike mbali, na isitoshe, sikio la mwanadamu limeumbwa zito kwa sauti za chini na jepesi kwa sauti za kati, zile za maneno na vilio vya watoto. Ukiweka maikrofoni mbele ya besi lililo kati ya madumbak na akordioni, maikrofoni hiyo itasikia kila kitu isipokuwa besi.

Shida hii si yetu peke yetu. Wapigaji wa Marekani waliipata mapema zaidi, katika bendi zenye tarumbeta nyingi. Mwaka 1946 Everett Hull, mpigaji besi, alibuni namna ya kupandisha kinasa-sauti ndani ya tumbo la besi kwa kupitia mguu wake wa chini, ule wa chuma unaokanyaga sakafu. Na jina la kampuni yake, Ampeg, lilitokana na mguu huo uliotiwa umeme. Siku hizi wengi hutumia njia nyingine. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Basi kipande kidogo cha fuwele hupachikwa kwenye daraja la besi, kile kibao kilichosimama tumboni na kubeba nyuzi; uzi ukitetemeka daraja hutetemeka, fuwele hubanwa na kuachwa, na umeme hafifu hutiririka katika waya. Kifaa hiki wenyewe hukiita pikapu. Kwetu pikapu ni gari la kubebea mkaa, na siku nilipomwambia Maalim kwamba nataka kutia pikapu katika besi lake alidhani namfanyia mzaha.

Sikulitoboa. Fundi alitaka kulitoboa ubavuni ili kupata tundu la waya, nikamkatalia, naye akafunga tundu hilo kwa kibano chini ya daraja, kwenye mikia ya nyuzi. Ahadi yangu ilibaki nzima kwa mujibu wa maneno yake. Wanasheria na wanafunzi wa lugha watanielewa.

Pikapu ya fuwele ina ukaidi wake. Hutaka kipokezi chenye ukinzani mkubwa sana, ohmu milioni moja au zaidi, na wako wanaoshauri hata milioni kumi. Ukiichomeka katika chombo chenye ukinzani mdogo, sauti za chini ndizo hupotea kwanza, na besi hubaki likilia kama debe. Miezi mitatu ya mwanzo nilipiga debe. Kisha nilinunua kikuzi cha kutangulia, kisanduku kinachoipokea fuwele kwa upole kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya, na sauti ya besi ikarudi. Laiti ningekomea hapo! Lakini kisanduku kimoja kikishawekwa sakafuni, nafasi iliyo kandoni mwake huanza kuonekana tupu.

Ilinunuliwa pedali ya pili, na ya tatu, na katika muda wa miaka minne zilikuwa sita, zimepangwa katika ubao kama viatu mlangoni mwa msikiti. Kibanio kilichopunguza sauti iliyozidi na kuinua iliyopungua. Mwangwi. Chujio la kukata mitetemo ya chini ya 35, ambayo hakuna anayeihitaji na spika huumia kuibeba. Pedali ya oktava, iliyochukua sauti niliyopiga na kuongeza chini yake nyingine yenye nusu ya mitetemo. Mkwaruzo. Na ya mwisho, ambayo kwa muda mrefu sikuwa na kazi nayo, pedali ya kitanzi: hunasa kipande ulichopiga na kukirudia mpaka uikanyage inyamaze. Majina haya nimeyatunga mwenyewe, na baadhi yake wenzangu wa idara walinikosoa. Mmoja alishikilia kwamba kibanio ni cha nguo na cha nywele. Nilimjibu kwamba pikapu ni ya mkaa.

Oktava ilinifundisha adabu. Nilidhani nitaitumia kwenye uzi wa E nitikise kuta. Nusu ya mitetemo 41 ni 20 na kitu, na hapo ndipo usikivu wa binadamu unapokoma. Spika yangu ilitikisika kama mtu mwenye malaria lakini hapana aliyesikia kitu. Mahali pake ni nyuzi nyembamba, D na G, tena kwa sauti moja moja. Ukipiga mbili pamoja hubabaika, na ukitumia upinde hubabaika zaidi, kwa kuwa upinde huamsha sauti nyingi ndogo juu ya sauti yenyewe, na kisanduku hakijui ipi ndiyo ya kugawa kwa mbili.

Mkwaruzo una hadithi nzuri zaidi, nami niliisimulia darasani mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mwishoni mwa mwaka 1960, mjini Nashville, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo, na mpigaji Grady Martin akapiga gitaa la besi. Njia moja ya mtambo wa kuchanganyia sauti ilikuwa mbovu. Sauti ya besi ilitoka imeparuzika kama ya mtu aliyekabwa. Fundi mitambo, Glenn Snoddy, angeweza kuifuta, hakuifuta. Wimbo ulitoka mwaka 1961 na ubovu wake, watu wakaupenda, na Snoddy akaunda sakiti ya kuutengeneza ubovu huo kwa makusudi. Mwaka 1962 ikauzwa madukani chini ya jina la Maestro. Kwa hiyo ule mkwaruzo uliokuja kuwa fahari ya magitaa duniani ulizaliwa katika kosa la besi. Tena sisi Waafrika hatuna haki ya kuushangaa. Washona wa Zimbabwe hufunga kombe au vizibo vya chupa kwenye mbira ili ilie kwa mtatariko. Mafundi wa balafoni Afrika Magharibi hubandika utando wa buibui kwenye tundu za vibuyu kwa sababu hiyo hiyo. Sauti safi kabisa, isiyo na vumbi, ni tamaa ya watu wachache na ya siku za karibuni.

Hoja hii nilimpelekea Maalim. Alisikiliza mpaka mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akasema, "Kombe umelifunga kwenye mbira yenyewe. Ukiipiga kwa nguvu litalia kwa nguvu, ukiipapasa litanong'ona. Wewe umelifunga wapi? Sakafuni, na unalikanyaga."

Nilimjia kwa njia nyingine, iliyo yangu zaidi. Nilimwambia kwamba lugha yetu ina maneno mengi ya kukopa, Kiarabu, Kihindi, Kireno, Kiingereza, na kwamba mezani mwake pale palikuwa na kitabu, sahani, meza yenyewe na chai, na hakuna hata kimoja kilichoanza kwetu. Na bado anayeyatamka ni Mswahili mtupu. Kwa nini basi besi lisikope? Hapo nilijiona nimeshinda. Darasani hoja hiyo haijapata kushindwa.

"Neno la kukopa," alisema Maalim, "hulitamka kwa kinywa chako. Kikichoka huchoka nalo, kikiwa na kithembe hulithembea. Hiki kisanduku chatamka chenyewe. Wewe wakigusa tu, halafu wakaa kusikiliza kama mgeni."

Sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni nikafundisha somo la maneno ya kukopa siku ya Jumatatu, kwa mifano ile ile, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yangu mwenyewe ikipita kwenye maikrofoni ya ukumbi wa mihadhara.

Nitaje jambo moja dogo ambalo huenda wapigaji wenzangu watalifahamu. Umeme wetu wa majumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde, na chombo kisichofungwa vizuri ardhini hunguruma kwa mitetemo 50 na kwa 100. Uzi wa G hutetemeka mara 98. Basi mimi nikiupiga uzi huo mtupu, na mngurumo wa 100 ukiwa chini yake, sauti hizo mbili hushindana na kutoa mapigo mawili kila sekunde, kama moyo wa mtu aliyekimbia. Nilipoteza jioni nzima nikirekebisha G iliyokuwa sahihi. Maalim aliketi kitini akitabasamu, na mwishowe akasema kwamba shirika la umeme lina sikio baya.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Desemba 2018, katika ukumbi wa harusi wenye sakafu ya marumaru na ukuta mzima wa vioo. Spika kubwa iliwekwa nyuma yangu kwa sababu mbele palikuwa na maua. Tumbo la besi ni tupu. Sauti ikitoka kwenye spika hulipiga tumbo hilo, tumbo huitikisa pikapu, pikapu huipeleka sauti kwenye spika, na duara hilo likikamilika halina mwisho. Aijuaye hatari hii hugeuza spika, au hukata sauti za chini, au huziba matundu ya besi kwa sifongo. Mimi nilifanya kinyume. Nilifungua kibanio mpaka mwisho kwa kuwa nilitaka sauti idumu, na kibanio kazi yake ni kuinua kila kilicho kidogo, pamoja na kile kilichokuwa kikirudi kutoka ukutani.

Katikati ya wimbo wa tatu uzi wa A uliamka wenyewe. Sikuwa nimeugusa. Ulianza kwa chini, kama lori lililo mbali, ukakua, ukafunika akordioni, ukafunika fidla, na yule bibi aliyekuwa akiimba alifumba macho akaendelea kama mtu anayevuka mto. Nilishuka kwa mguu kuzima kibanio. Kiatu changu kilikuwa kipana. Nilikanyaga mkwaruzo.

Msomaji, sina maneno ya kuieleza sauti ile. Mjomba wa bwana harusi alitoka nje kutazama gari gani limeligonga jengo. Watoto walishangilia. Nilichomoa waya, na ukimya uliofuata ulikuwa na aibu kuliko kelele. Nilipoinua macho nilimwona Maalim, aliyekuwa ameketi safu ya pili, amekwisha simama. Aliweka kofia yake sawa, akachukua bakora, akatoka polepole kupitia katikati ya ukumbi, si kwa mlango wa kando.

Kesho yake nilikwenda kumtaka radhi. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, mwanangu." Niliandaliwa kahawa na halua. Aliniuliza habari za wanafunzi wangu, akanieleza bei ya samaki, akasifu mvua. Kila nilipoelekeza mazungumzo kwenye harusi aliniongeza kahawa. Mwenye kuijua pwani anajua adhabu hiyo. Iliendelea miezi minane. Nilikwenda kila Ijumaa, nikanywa kahawa nyingi, na besi halikutajwa. Mke wake, Bi Mkubwa, alinisindikiza mlangoni siku moja akasema, "Mzee hana hasira nawe. Ana hasira na lile besi, kwamba lilikubali." Maneno hayo yalinichoma kuliko hasira ambayo angekuwa nayo juu yangu.

Agosti 2019 Maalim alipata kiharusi. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa wiki mbili kisha ukafunguka. Mguu wa kushoto uliburuzika. Mkono wa kushoto haukurudi. Wasiopiga besi wafahamu kwamba mkono wa kulia hudonoa nyuzi, lakini wa kushoto ndio unaozibana na kuchagua sauti. Bila wa kushoto umebakiwa na nyuzi nne tupu. Aliulaza mkono huo mapajani, akaufunika kwa shuka hata wakati wa joto.

Katika siku hizo nilikuwa nikimsikiliza sana Eberhard Weber, Mjerumani, aliyepiga besi la kusimama la umeme na kulizungushia mwangwi hata likajaza chumba peke yake. Mwaka 2007, akiwa na miaka 67, naye alipata kiharusi, na hakuweza kupiga tena. Zilikuwepo kanda za maonyesho yake na kikundi cha Jan Garbarek, miaka mingi, ambamo kila usiku alipewa nafasi ya kupiga peke yake. Alizichukua sehemu hizo, akazipanga upya, akaziongezea vyombo, na mwaka 2012 akazitoa katika sahani iitwayo Résumé. Mtu aliyekwisha kupoteza mkono alitoa muziki mpya wa mkono wake. Niliwaza juu ya Maalim, ambaye hana kanda. Miaka yake yote ilimalizikia kumbini, ikaondoka na wageni.

Nililibeba besi nikampelekea. Nilichukua amplifaya ndogo na pedali moja tu, ile ya kitanzi, nimeifunga katika kanga kama mtu anayeficha chupa. Alilitazama besi muda mrefu. Akagusa ule ufa kwa kidole. Nilimketisha kwenye kiti, nikaliegemeza begani mwake, na nilipotaka kuzibana nyuzi badala ya mkono wake alisema, "Usinishikie." Basi akapiga nyuzi tupu. A, na D. A, na D. Bolero ya taratibu, sauti mbili ambazo mtoto angezipiga, ila mtoto hangezipiga hivyo. Baina ya ya kwanza na ya pili palikuwa na nafasi ya mtu kuingia na kuketi.

Nilimweleza kazi ya kisanduku. Hakukataa wala hakukubali. Alipiga mizunguko minane. Nikakanyaga mwanzo, nikakanyaga mwisho. Akainua mkono, na sauti yake ikaendelea bila yeye. Aligeuka upesi kama aliyeitwa.

Alisikiliza mzunguko mmoja tu. "Huyu anachechemea," alisema.

Nilimwambia kwa upole kwamba ugonjwa humchelewesha mtu kidogo na hakuna atakayelitambua. "Si mkono wangu," alisema. "Ni mguu wako. Umekanyaga nyuma ya wakati." Na ilikuwa kweli. Kitanzi hukatwa mahali pale pale unapokanyaga. Ukichelewa kwa kope moja, kila mzunguko unaporudi hubeba kilema hicho. Tulifuta tukaanza upya. Mara ya pili niliwahi. Mara ya tatu nilichelewa tena. Bi Mkubwa alileta chai ikapoa. Mara ya saba alinigombeza kwa sauti yake ya zamani, ile ya mwaka 2002, nilipokuwa kijana nisiyejua kushika upinde, na macho yangu yalilengwa na machozi kwa furaha ya kugombezwa. Mara ya kumi na moja kitanzi kilizunguka na hapana aliyeweza kusema kilianzia wapi.

"Sasa," alisema.

Tulikaa tukikisikiliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya ule wa kushoto. Kisha akaniamuru nipige. Nililitwaa besi, nikashika upinde, nikapiga juu ya bolero yake bila mwangwi wala oktava wala kitu chochote, wimbo wa zamani alionifundisha, na alinikosoa mara mbili kwa nyusi.

Niliponyamaza alikinyooshea kile kisanduku kidevu. "Hiki hakitamki chenyewe," alisema. "Kinakariri. Nimesomesha wengi wa namna hiyo." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini kile kilichonguruma usinionyeshe tena."

Tulifanya hivyo Ijumaa nyingi. Mara nyingine alitaka bolero, mara nyingine rumba, na kila mara kile cha wiki iliyopita kilifutwa, kwa sababu pedali ile hushika kitanzi kimoja tu. Nilipomwambia kwamba zipo nyingine zenye nafasi zaidi aliuliza za kazi gani. Cha mwisho alikipiga mwaka 2021, mwezi mmoja kabla ya kufariki. Ni A na D, mizunguko minane. Katika mzunguko wa tano husikika mtu akiweka kikombe juu ya sahani. Ni Bi Mkubwa, na Maalim hakukubali kurudia kwa sababu ya kikombe.

Pedali tano zilizobaki bado nazitumia, ingawa mkwaruzo huukanyaga mara chache na viatu vyangu ni vyembamba. Ya kitanzi iko rafuni ofisini mwangu, kati ya kamusi mbili. Wenzangu walinishauri nikihamishie kipande kile katika kompyuta, nami nilifanya hivyo siku ile ile, nakala tatu. Hata hivyo sijakifuta kwenye kisanduku. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, kijana hodari anayejifunza besi, aliiona akaniomba nimwazime kwa onyesho lake la Jumamosi. Nilimwambia imeharibika.